Mgeni katika Vichochoro vya Kowloon

Aghalabu habari za wajumbe wa Injili waliokwenda kufanya kazi na vijana katika miji ya ugenini husimuliwa kuanzia kwenye matunda: ukumbi uliofurika, vijana walioacha uraibu, mikesha ya nyimbo, na barua za shukrani zilizosomwa mbele ya usharika. Mwanzo wenyewe, yaani ile miezi na miaka ambayo mgeni hajui pa kununua chumvi, hajui ni mzee gani wa mtaa anayestahili kuamkiwa kwanza, wala hajapata kijana hata mmoja wa kumwita kwa jina lake, hupitwa upesi kana kwamba ni taabu ya safari tu, jambo la kustahimiliwa mpaka kazi ianze. Makala haya yanakusudia kukawia katika mwanzo huo, kwa kuwa mwandishi wake anaamini kwa dhati kwamba katika huduma ya vijana kukaa ndiyo kazi yenyewe, na kwamba vijana wa mji wowote ule humtazama mgeni kwa muda mrefu, kimya kimya, kabla hawajaamua kama maneno yake yanafaa kusikilizwa.

Katika mwaka 1966 binti wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 22, Jackie Pullinger, aliyehitimu katika Chuo cha Kifalme cha Muziki cha London na kubobea katika ala ya kupuliza iitwayo obo, ambayo ni ndugu ya nzumari yetu ya pwani, alipanda meli akiwa hana chama kilichomtuma wala mwenyeji aliyemngojea. Alikuwa ameviandikia vyama vya misheni kuomba kazi, navyo vikamkatalia, maana havikuona mahali pa kumweka msichana mpiga muziki asiyekuwa na elimu ya dini ya darasani. Padre mmoja wa Shoreditch, mtaa wa mafukara katika mashariki ya London, ndiye aliyempa shauri la kukata tiketi ya safari ndefu iwezekanavyo, kisha aombe Mungu amwonyeshe bandari ya kushukia. Shauri hilo halifai kuwa kanuni ya kila mtu, na mimi nisingethubutu kumpa binti yangu. Lakini yeye alilishika, akafika Hong Kong na fedha kidogo mno mfukoni, bila kazi na bila tiketi ya kurudia, hata ofisa wa uhamiaji akakataa kumruhusu kushuka, mpaka alipokumbuka kwamba mtoto wa ubatizo wa mama yake alikuwa askari polisi katika koloni hilo. Kwa kutajwa kwa mtu huyo mmoja mlango ukafunguka.

Hong Kong aliyoikuta ilikuwa mji uliojaa vijana na uliopungukiwa na karibu kila kitu ambacho vijana wanahitaji. Watu waliokadiriwa kuwa kama laki sita vita vilipokwisha mwaka 1945 walikuwa wamezidi milioni tatu ilipofika sensa ya 1961, kwa sababu wakimbizi walimiminika kutoka bara ya China wakati wa vita vya ndani na baada ya mapinduzi ya 1949. Na zaidi ya theluthi ya wakazi wote walikuwa watoto wasiofika miaka 15. Familia zilijenga vibanda vya mbao na mabati juu ya vilima, na usiku wa Krismasi ya mwaka 1953 moto wa Shek Kip Mei peke yake uliwaacha watu zaidi ya 50,000 bila maskani. Elimu ya msingi haikuwa ya bure wala ya lazima hadi mwaka 1971, kwa hiyo mtoto wa maskini alikuwa na chaguo baina ya kiwanda na kichochoro. Mwezi wa Aprili wa mwaka huohuo wa 1966 nauli ya kivuko cha Star Ferry ilipandishwa kwa senti tano, na vijana wakatoka barabarani wakafanya fujo kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata yakazuka machafuko makubwa zaidi yaliyoua watu 51, na baadhi ya wageni waliokuwa na uwezo wakafunga mizigo yao wakaondoka. Serikali ya koloni, iliyokuwa imewasahau vijana hao muda wote, ndipo ilipoanza kuwafikiria na kuwaandalia michezo, kambi na dansi.

Katikati ya mji huo palikuwapo mahali ambapo hata usahaulifu wa serikali ulikuwa na hati. Boma la Kowloon lilikuwa ngome ya dola ya Kichina, ambayo ukuta wake ulikamilika mwaka 1847, na Waingereza walipokodishwa eneo la New Territories kwa miaka 99 katika mwaka 1898, mkataba uliliacha boma hilo mikononi mwa maofisa wa China. Mwaka uliofuata Waingereza wakawatoa maofisa hao kwa nguvu, China isikubali kamwe kwamba haki yake imekwisha, na kwa hiyo kikabaki kipande cha ardhi kisichofika hekta tatu ambacho dola moja ilikidai bila kukitawala na nyingine ilikitawala kwa kusitasita. Wajapani walipouteka mji wakati wa Vita vya Pili walibomoa ukuta na kuyatumia mawe yake kupanua uwanja wa ndege wa Kai Tak, ikawa boma limebaki na jina bila kuta. Katika ufa huo wa sheria wakaingia wakimbizi kwa maelfu, na nyuma yao wakaingia wale vijana na wazee wa vyama vya siri vinavyojulikana kwa jina la Triad, wakafungua pango za afyuni na heroini, nyumba za kamari na madanguro.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kulieleza boma hilo kwa maovu yake tu. Wengi wa wakazi wake walikuwa watu wa kuchuma riziki ya halali kwa jasho: wapika vitonge vya samaki vilivyouzwa katika mikahawa ya mji mzima, mafundi wa plastiki, watengeneza peremende, na madaktari wa meno waliosomea China, ambao shahada zao hazikutambuliwa na koloni, nao waliweka meno ya bandia katika madirisha ya vioo yaliyotazama barabara ya nje ili wateja wajue bei iliyo nafuu ilikokuwa. Vichochoro vilikuwa vyembamba hata mtu akinyoosha mikono aliweza kugusa nyumba za pande zote mbili. Juu yake ilipita misokoto ya mipira ya maji na nyaya za umeme wa kuunganisha, ikidondosha matone mchana na usiku, na taa ziliwaka saa sita za mchana kwa sababu jua halikufika chini. Maji yalitoka katika visima na mabomba machache. Anayepita alilazimika kutazama chini kwa sababu ya mfereji wa taka na kutazama juu kwa sababu ya matone, na mgeni asiyezoea alipotea njia kabla ya kupita nyumba kumi.

Bi. Pullinger aliingia humo akiwa mwalimu. Alipata kazi katika shule ndogo ya msingi iliyokuwamo ndani ya boma, akafundisha nyimbo na Kiingereza, na kazi hiyo, ambayo mtu mwenye haraka angeiona kuwa ni kikwazo cha huduma, ndiyo iliyompa haki ya kuonekana katika vichochoro vile kila siku kwa saa zinazojulikana na kwa sababu inayoeleweka. Watoto wa darasa lake walikuwa na kaka zao, na kaka hao, waliokwisha kutoka shuleni au wasioingia kamwe, walichuchumaa kwenye pembe za vichochoro wakilinda milango ya kamari au wakingoja kutumwa. Kwa ajili yao alipata chumba ndani ya boma akakifanya klabu ya vijana: meza ya tenisi, nyimbo, mazungumzo, na safari za kupanda milima siku za mapumziko, ambako kijana aliyezaliwa gizani angeweza kuiona bahari iliyokuwa umbali wa dakika chache kutoka kwao.

Hakujua kusema nao. Kikantoni, lugha ya mji ule, ni lugha ambayo silabi moja hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, kwa jinsi sita zilizo wazi, na wataalamu wengine huzihesabu tisa, hata mtu mzima mwenye shahada hujikuta akitamka upuuzi mbele ya mtoto wa miaka minne na mtoto akimcheka. Hakuna njia ya mkato katika jambo hili, na mtu aliyesomea muziki huenda ana sikio lililo tayari zaidi, lakini sikio peke yake halimnunulii mboga sokoni. Ni lazima arudi kwa muuza mboga yuleyule kesho na keshokutwa, aseme vibaya na kusahihishwa, akubali kuwa mwanafunzi wa kila mtu, pamoja na wale aliokuja kuwafundisha. Na hapa pana faida ambayo sioni ikitajwa na wanaoandaa semina za utume. Kijana wa mtaani, ambaye tangu azaliwe amekuwa akiambiwa la kufanya na mwalimu, na polisi, na mkubwa wa genge, hukutana kwa mara ya kwanza na mtu mzima anayemhitaji yeye amweleze jina la kitu. Urafiki wa kweli huanzia hapo, na huwa umetangulia mbali kabla ya mahubiri ya kwanza.

Wasomaji wa pwani yetu wana ushahidi wa jambo hili karibu nao. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akazika mke na mtoto mchanga katika miezi michache ya kwanza, akajikaza kujifunza Kiswahili kwa wenyeji wake, na kamusi yake haikuchapishwa mpaka mwaka 1882, alipokuwa amekwisha kufa. Waliomfuata walichota katika kazi hiyo bila kuhesabu miaka iliyoingia humo.

Kwa masimulizi ya Bi. Pullinger mwenyewe katika kitabu chake *Chasing the Dragon*, kilichochapishwa mwaka 1980, miaka ya mwanzo haikuwa na mengi ya kuandikia nyumbani. Vijana walikuja, wakacheza, wakaondoka. Wengine walimwomba fedha kwa hadithi za kutunga. Wengi walidhani ana kitu anachokitafuta kwa faida yake, kwa kuwa hawakuweza kuona sababu nyingine ya mtu wa Uingereza kukaa mahali ambapo hata wao wangehama lau wangeweza. Usiku mmoja klabu ilivunjwa. Aliyakuta mabenchi na vitabu na vifaa vya michezo vimepondwa, na uchafu wa mifereji umepakwa kutani na sakafuni. Mtu akisoma habari hiyo anaweza kuyaona yale maji meusi yakichuruzika, na kumfikiria msichana aliyesimama mlangoni mbali na kwao, asijue ni yupi katika wale aliokuwa akiwaita rafiki aliyetenda hayo. Alitamani kuacha, na hakuificha tamaa hiyo. Akaanza kufagia.

Siku iliyofuata alimkuta mlangoni mtu wa chama cha 14K, kimojawapo cha vyama vikubwa vya Triad, aliyetumwa na mkubwa wake kulinda klabu. Mkubwa huyo, ambaye msichana alikuwa hajapata kumwona uso kwa uso, alikuwa ametoa amri kwamba asiguswe tena. Baadaye sababu ikabainika: watu wa boma walikuwa wamezoea kuona wahisani wakija na zawadi, wakipiga picha na kuondoka, na huyu walikuwa wamemtazama muda mrefu wakingoja aondoke kama wenzake, naye akawa bado yupo. Mlinzi aliyewekwa mlangoni, ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa wa afyuni, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia ndani, akaomba pamoja naye, akaacha uraibu. Nayaeleza haya jinsi alivyoyaeleza yeye. Asiyeamini miujiza anaweza kubishana na nguvu iliyomponya mlinzi yule, lakini hata mtu huyo hawezi kubishana na sababu iliyomfikisha mlangoni, nayo ilikuwa miaka ya kukaa.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio kidogo, nami sitayafuata yote. Akapanga nyumba karibu na boma, akaishi na vijana waliotaka kuacha heroini na wasio na pa kwenda, kwa kuwa aliona kwamba kijana aliyeponywa asubuhi na kurudishwa kichochoroni jioni hakupewa nafasi ya kupona. Mwaka 1981 ikaundwa jumuiya ya Mtakatifu Stefano iliyoendeleza kazi hiyo, na mwaka 1988 Malkia wa Uingereza akamtunuku nishani ya MBE. Boma lenyewe, ambalo katika hesabu ya serikali ya mwaka 1987 lilikuwa na watu wapatao 33,000, lilibomolewa mwaka 1993 na 1994, na mahali pake pamekuwa bustani tangu mwaka 1995.

Si kila mgeni anapaswa kuanza na watu asiofanana nao kwa lolote. Tarehe 14 Desemba 1875 watawa kumi wa shirika la Wasalesiani, wakiongozwa na Padre Giovanni Cagliero, walishuka Buenos Aires baada ya kutumwa na mwanzilishi wao, Don Bosco, kutoka Turin. Nia yao ya mbali ilikuwa Patagonia, lakini walianza na Waitalia wenzao waliohamia Argentina kwa makundi, katika kanisa la wahamiaji hao mjini na katika mtaa wa bandarini wa La Boca, ambako watoto wa mabaharia na makuli walirandaranda bila mwalimu wa kuwaongoza. Lugha ya nyumbani iliwapa mahali pa kukanyaga wakati wakijifunza Kihispania na desturi za nchi. Patagonia yenyewe hawakuifikia mpaka mwaka 1879. Miaka hiyo minne ya mjini ndiyo iliyowafundisha nchi waliyokuwa wakiiendea.

Mfano huo wa pili unatuhusu sana siku hizi. Familia za Wakongomani zilizokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma na Kakuma huko Kenya zimepelekwa kwa maelfu katika miji ya Marekani, na watoto wao wanazungumza Kiingereza shuleni, Kiswahili au Kibembe kwa mama, na Kiswahili cha nyimbo kanisani siku ya Jumapili. Wazee wao wanaomba kutoka kwetu walimu wa vijana, na sharika zetu zinafurahi kupeleka. Kijana wetu anayekwenda huko hudhani kwamba, kwa kuwa ataabudu kwa Kiswahili, hatakuwa mgeni. Atakuwa mgeni mara mbili: mgeni wa mji, na mgeni wa vijana wale ambao sura zao ni za kwao na mawazo yao yamelelewa kwingine.

Atakuta pia sheria ambazo kwetu hazijazoeleka. Katika Uingereza na katika miji mingi ya Marekani, Kanada na Australia, mtu hafanyi kazi na watoto kabla polisi au idara mahsusi haijachunguza rekodi yake. Hakai peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa. Hachukui picha wala hapeleki vijana safari bila idhini ya mzazi iliyoandikwa. Mtu aliyelelewa mahali ambapo shangazi wa jirani huweza kumbeba mtoto wa mwenzake mpaka sokoni bila kuuliza anaweza kuona kwamba anadhaniwa kuwa mwovu. Asikasirike, azifuate sheria hizo kwa moyo mweupe, kwa maana zimetungwa baada ya watoto wengi kudhuriwa na watu waliojificha nyuma ya mavazi ya dini, na mzazi akiona mgeni anazishika bila kulazimishwa humwamini mapema zaidi. Visa ya utalii, aghalabu, haimruhusu mtu kufanya kazi ya kanisa, mara nyingi hata ya kujitolea, na huduma iliyoanzishwa juu ya uongo wa uhamiaji huwaweka vijana walewale katika hatari siku mwalimu wao anapokamatwa. Tena kuna baridi, na kuna giza. Huko London katika mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi za jioni, vijana wamejifungia vyumbani na simu zao, na mtu aliyezoea kuwakuta uwanjani baada ya shule hujikuta akitembea mitaani bila kukutana na yeyote. Upweke wa majira hayo umewarudisha nyumbani wengi kuliko upinzani wowote wa imani.

Nani basi atamwezesha kijana huyo kustahimili mpaka mtaa umzoee? Wanaomtuma, na hapa ndipo ninapoona kosa letu kubwa. Tunamuaga kwa sherehe na keki na michango, kisha baada ya miezi mitatu tunaandika kuuliza ni vijana wangapi wamejiunga, ni wangapi wamebatizwa, na picha ziko wapi za kuonyesha katika mkutano mkuu. Naye, kwa kuona aibu, hukusanya watu wowote mbele ya kamera, huacha darasa la lugha kwa sababu halitoi idadi, na huwageuza vijana aliowaendea kuwa ushahidi wa taarifa yake. Lau Bi. Pullinger angekuwa na kamati ya namna hiyo, ingemrudisha kwao kabla klabu haijavunjwa.

Kwa hiyo ninawaomba wazee wa sharika, mapadre wa parokia na wakuu wa idara za vijana wanaojiandaa kumpeleka mtu ughaibuni: andikeni katika barua yake ya utume kwamba mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha na mtaa, mlipieni darasa la lugha na kodi ya chumba kilicho karibu na vijana wenyewe badala ya kilicho karibu na ofisi, mhakikishieni visa iliyo sahihi, mtafutieni mzee mmoja wa mji ule atakayemwalika kula chakula kila juma, na msimwombe hesabu ya vijana wala picha zao kabla ya mwaka wa pili kwisha.